Kabla ya kuuliza njia ya kwenda Macau, tazama viza yako inakuruhusu kuingia China mara ngapi

Ndugu mleta mada, usikate tiketi yoyote kwa sasa. Umeuliza kipi ni bora kati ya treni, basi na boti ili ufike Macau Jumamosi ukitokea Guangzhou, wapi pa kulala kwa bei nafuu na wapi pa kubadilishia fedha. Kisha ukagusia kwa haraka, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba viza yako ni ya kuingia mara moja na kwamba Jumatatu unarudi Guangzhou kufunga kontena. Hutarudi.

Fungua ukurasa wa viza sasa hivi, utafute palipoandikwa idadi ya kuingia. Kama pana 01, basi hiyo moja uliitumia siku ulipotua. Macau ni sehemu ya China tangu Wareno walipoikabidhi tarehe 20 Desemba 1999, lakini ina uhamiaji wake, forodha yake na fedha yake, pataca. Ukivuka pale Gongbei, kivuko cha mpakani, unagongewa muhuri wa kutoka China bara, na viza ya mara moja inaishia hapo. Hong Kong nako ni vivyo hivyo.

Mimi nilielezwa kinyume, tena na mtu niliyekuwa namlipa. Wakala aliyekuwa akinizungusha viwandani aliniambia, huku akimalizia wali nilionunua mimi, kwamba Macau ni China hiyo hiyo na kwamba kuvuka ni kama kutoka Dar kwenda Zanzibar. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa nimekwishaumia, kwamba yeye ana kibali cha ukaazi, kwa hiyo kwake ni kweli anakwenda Zanzibar na kurudi. Hakuona haja ya kuniuliza mimi nina karatasi gani. Nami, niliyezoea kukagua kila katoni, sikukagua pasipoti yangu mwenyewe.

Kwenda hakuna anayekuzuia, na ndiyo maana mtego huu unanasa watu. Afisa wa kutoka aligonga muhuri bila neno, nikafuata umati hadi upande wa pili, na wa Macau nao hawakunisumbua. Nilirudi Jumapili jioni na kimkoba chenye chaja, shati moja na boksi la vijikeki vya mayai ambavyo ndivyo sifa ya mji ule, zawadi kwa wenzangu wa mtaa wa Xiaobei kule Guangzhou. Afisa, kijana mwenye miwani, aliweka kidole juu ya ile 01, akafungua ukurasa wa pili akaweka kidole kingine juu ya muhuri wa kutoka, kisha akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeshindwa kutoa moja katika moja. Nikarudishwa nilikotoka. Vijikeki nilivila mwenyewe kwa siku mbili, na sitaki kuviona tena.

Nililala Macau usiku sita nikisubiri viza mpya, katika mji ambao vyumba vyake vimepangiwa bei kwa ajili ya wacheza kamari, huku simu ya wakala ikiita bila kupokelewa. Hata hivyo, hoteli na ada ya viza si hasara ninayoilalamikia. Hasara ni kwamba mzigo ulitoka kiwandani ukaingia ghalani, na kutoka ghalani ukaingia kwenye kontena, bila jicho langu kuuona. Vitasa vya milango nilivyoagiza vya rangi ya fedha vilifika Kariakoo vikiwa vya dhahabu, katoni 40, na hadi leo sijapata mteja anayetaka kitasa cha dhahabu kwenye mlango wa choo. Anayehitaji anitafute, tutaelewana.

Njia yenyewe ni rahisi. Panda treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini hadi Zhuhai, mji wa China bara unaopakana na Macau, ambayo ni safari ya zaidi kidogo ya saa moja kwa takriban yuan 70, na uwe na pasipoti mkononi. Stesheni ya Zhuhai iko jirani kabisa na kivuko cha Gongbei. Unavuka kwa miguu. Boti za Hong Kong zipo, na mabasi ya lile daraja la kilomita 55 lililofunguliwa mwaka 2018 yanatembea usiku na mchana, lakini kwa anayetoka Guangzhou huko ni kuzunguka bure.

Kwa hiyo funga kontena kwanza. Kagua mzigo, lipa, shuhudia mlango wa kontena ukifungwa, ndipo uende Macau kama njia yako ya kutokea, uvuke daraja hadi Hong Kong na urukie nyumbani kutoka huko. Na kama tiketi yako ya ndege ni ya kutokea Guangzhou, achana na Macau safari hii, na safari ijayo uombe viza ya kuingia mara mbili tangu ukiwa Dar. Tafadhali piga picha ya ukurasa wa viza, ufiche jina na namba ya pasipoti, uiweke hapa leo kabla hujalala.