Watoto wa kaka yangu ni wa ukoo gani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Familia yako ni nani, na nani aliamua hivyo?" Kwetu Matombo, kwenye Milima ya Uluguru, aliyeamua ni ukoo wa mama.

Mluguru huzaliwa katika lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na shamba la ukoo hupita huko huko: bibi, mama, binti. Nilipoposwa, mwenye kauli alikuwa mjomba, kaka wa mama. Baba alishauri na kupewa heshima yake yote, ila neno la mwisho halikuwa lake. Hakulalamika, maana naye alikuwa na kauli hiyo hiyo kwa watoto wa dada zake. Wasiotujua hudhani baba wa Kiluguru ni mgeni nyumbani kwake. Si kweli hata kidogo. Wangu alitulipia ada na kutubeba mgongoni usiku tukiwa na homa. Malezi yalikuwa yake, ukoo ukawa wa mama.

Mimi nimeolewa na Msukuma. Kwao, mahari ikishatolewa, mtoto ni wa baba. Kwa hiyo wanangu wanahesabiwa pande zote mbili, na kila upande unawadai kwa furaha.

Kaka yangu alioa Mhaya. Kwa Wahaya mtoto hufuata ukoo wa baba, pamoja na mwiko wa ukoo huo. Sasa piga hesabu. Wazee wa Bukoba wanasema watoto ni wa Morogoro, kwa baba yao. Wazee wetu wanasema ni wa Bukoba, kwa mama yao. Kimila, watoto wale hawana ukoo popote, ilhali wana wazazi wote wawili na pande zote zinawapenda.

Yalikuwa mazungumzo ya jioni tu, mpaka tulipoanza kuandaa hati za hakimiliki ya kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mama alitaka watoto wa kaka waandikwe kwenye sehemu ya shamba. Mjomba akakataa. Akasema tukianza kuwagawia watoto wa wanaume, vizazi viwili mbele shamba la ukoo litakuwa mikononi mwa watu wasio wa ukoo. Mama akamjibu kwamba watoto hao wanamwita bibi, na yeye hajawahi kuwaitikia kama wageni.

Hoja ya mjomba si ya kupuuzwa. Utaratibu wetu umewalinda wanawake: binti akiachika au akifiwa na mume, ana mahali pa kulima ambapo hakuna shemeji wa kumfukuza. Linganisha na kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, ambazo zinamnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe ikiwa ndugu wa ukoo wa marehemu wapo. Sitaki tuyaache ya kwetu tukaangukie huko.

Lakini nasimama na mama. Watoto wa kaka ni damu yetu, hilo halina ubishi hata kwa mjomba. Kinachobishaniwa ni nani awahesabu, na hilo ni uamuzi wa watu waliokaa kikao, kama ambavyo waliotutangulia nao walikaa wakaamua. Mila iliyowekwa ili binti asikose pa kusimama haifai kutumiwa kumnyima mtoto mwingine pa kusimama.

Pendekezo langu ni kwamba wapewe kipande cha chini, kile chenye pilipili manga, kwa majina yao. Kilichobaki kiendelee kwa mabinti kama zamani. Mjomba amekubali wapalime. Majina yao kwenye hati bado hajayakubali. Kikao kingine ni baada ya masika, nami nimeshamwambia kaka aje na watoto wake wote.

Msomaji, Morogoro