Maua ya uani hayafiki jioni

SWALI: Nakata matawi ya bugenvilia na kuyatia chomboni, lakini kabla ya magharibi yashalegea. Asumini nazo hugeuka kahawia. Nifanyeje? Msomaji, Likoni.

JIBU: Dada, anza na maji. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na chumvi huzuia shina kunywa. Tumia ya mvua au ya mfereji. Bugenvilia ikate alfajiri, kwa kisu kikali, mshazari. Pukusa majani yote, kwani ndiyo yanayomaliza maji, kisha zamisha tawi zima ndooni kwa saa moja. Hata hivyo usitarajie zaidi ya siku moja au mbili, na chombo kisikae chini ya feni.

Asumini si ua la chombo. Ichume jioni ingali tumba, ukishika kikonyo tu. Petali zikiminywa ndipo zinapogeuka kahawia. Itunge kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba, uifunge kwa kitambaa kibichi hadi wageni wakaribie. Itafunguka usiku na kunukia vizuri mno. Mchana weka mrehani: hukaa majini siku nyingi, hata huota mizizi, mradi ubadilishe maji kila siku.