Mnaoanza zamu ICU ya watoto: "anaendelea vizuri" si ripoti

Wadogo zangu, nimeisikia tena kwenye raundi: "Mtoto wa ARDS anaendelea vizuri, saturesheni 96." (ARDS ni mapafu kushindwa kazi ghafla; saturesheni, au SpO2, ni asilimia ya oksijeni kwenye damu.) Nawapenda, lakini kwa hili uvumilivu umeniishia.

1. Saturesheni isomwe pamoja na kilichoileta. Kuna mtoto mmoja simsahau. Jioni SpO2 yake ilikuwa 94, FiO2 (sehemu ya oksijeni katika hewa anayopewa) 0.5, wastani wa presha ya njia ya hewa 14. Asubuhi interni akasoma 96, timu nzima ikafurahi, mama akapewa habari njema, raundi ikasogea kitanda cha pili. Hakuna aliyefunua karatasi ya ventileta, mashine ya kumpumulia. Usiku FiO2 ilikuwa imepandishwa hadi 0.7 na presha imefika 18. Haya, pigeni hesabu: presha mara FiO2 mara 100, gawanya kwa SpO2. Jibu linaitwa OSI, na likipanda hali ni mbaya zaidi: jioni ni 7.4, asubuhi 13.1. Kwa vigezo vya 2023 vya PALICC-2, jopo la kimataifa la wataalamu wa ARDS ya watoto, kuanzia 12 ni ARDS kali. Mapafu yalikuwa yanazidi kushindwa huku sisi tukipongezana. Mchana, tulipokuwa tunamgeuza alale kifudifudi, mama akauliza taratibu: "Si asubuhi mmeniambia anaendelea vizuri?" Interni akainamisha kichwa. Sikumlaumu, karatasi ilikuwa mbele ya macho yetu sote.

2. SpO2 ikizidi 97, OSI haiaminiki. Shusheni FiO2 kwanza, ndipo mpige hesabu.

3. Mkiwa na gesi ya ateri tumieni OI (hesabu ileile, ila unagawanya kwa PaO2, presha ya oksijeni kwenye damu ya ateri, badala ya SpO2), na msilinganishe OI ya jana na OSI ya leo.

4. Kutoa mpira wa kupumulia si kupona. Ndani ya miezi mitatu baada ya kuruhusiwa, mtoto arudi aangaliwe pumzi, nguvu za mwili, akili na hisia. Mtoto mkubwa anayeweza kupuliza vizuri afanyiwe spirometria, kipimo cha nguvu ya pumzi. Na mzazi aulizwe maswali yenye majibu: anakimbia na wenzake? Darasani anashika anachofundishwa? Niliwahi kumwona binti ambaye kifua kilikuwa safi na saturesheni safi, faili likakaribia kufungwa. Baba alipoulizwa kuhusu usingizi ndipo akasema mtoto anaamka akilia kila simu inapolia usiku, kwa kuwa anadhani ni alamu ya mashine. Kama fomu yenu ya kliniki haina sehemu ya usingizi, andikeni pembeni. Na baba naye mumuulize kama analala.