Manyoya ya sungura "yamechorwa"?

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya bakuli la chai la Jian, la enzi ya nasaba ya Song huko China. Nimeandika: "Kikombe cha kauri kilichopakwa rangi nyeusi na kuchorwa manyoya ya sungura." Mhariri ameikataa sentensi yote. Nimekosea wapi?

JIBU: Zaidi kwenye vitenzi. Kikichorwa kitu, yupo mchoraji. Hapa hapakuwa na brashi. Huko Jianyang, mkoani Fujian, mfinyanzi alichovya bakuli kwenye uji wa udongo na majivu wenye chuma kingi, akalitia jokoni. Kwenye joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi uji uliyeyuka ukawa kioo, ukachuruzika kutoka mdomoni kuelekea kitakoni, na chuma kikajitenga kikaacha nyuzi za kahawia au za rangi ya fedha. Michirizi hiyo "imejitokeza". Na "michirizi" ni ndugu wa "chirizika", kwa hiyo neno limekwishaeleza nusu ya kazi ya joko.

"Rangi" nayo inapotosha: rangi hupakwa ikakauka, hii iliyeyuka. "Vanishi" ndiyo mbaya kabisa. Mimi huandika "utando wa kioo". Hapo msomaji ataelewa kwa nini utando unakomea juu ya kitako kwa ukingo mnene, pengine na tone lililoganda. Ungeteremka hadi chini, bakuli lingeshikana na kasha la udongo lililolikinga jokoni, na vyote viwili vingeharibika.

"Kikombe" leo humfanya mtu aone mkono wa kushikia, ambao haupo. Andika "bakuli", ngeli ya LI-YA: bakuli jeusi, mabakuli meusi. "Kauri" si kosa, ila wengi hufikiria chombo cheupe, ilhali udongo wa Jian ni mzito na mweusi kwa chuma. "Manyoya ya sungura" yabaki. Wachina wenyewe ndivyo walivyoyaita.

Ukifika kwenye mabakuli ya Jizhou, mkoani Jiangxi, badili kitenzi tena. Fundi alibandika karatasi iliyokatwa umbo juu ya utando mweusi, akatia utando wa pili uliopauka, kisha akabandua karatasi. Pambo hilo "limeachwa". Penye jani halisi lililoungulia jokoni, sema "alama ya jani", si "picha".

Sentensi yako, basi: "Bakuli la chai la udongo uliochomwa, lenye utando mweusi wa kioo na michirizi ya manyoya ya sungura."