Mshahara Mmoja, Maisha Mawili: Kwa Wanaopanga Nyumba Katika Jiji Kubwa

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa mishahara. Naona nani analipwa nini, nani anakatwa mkopo, nani ameomba tena apewe sehemu ya mshahara kabla mwezi haujaisha. Nikikutana na kijana anayeingia mjini kutafuta maisha, ninalotaka alijue mapema ni hili: kinachowatenganisha watu wa jiji kubwa si mshahara tu. Zaidi ni mali, yaani kile kinachobaki mkononi mwa mtu hata siku asipokwenda kazini.

Chukua wafanyakazi wawili niliowaandalia malipo kwa muda mrefu. Cheo kimoja, mshahara uleule hadi senti ya mwisho. Wa kwanza anaishi na dada yake katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, karibu na ofisi. Wa pili amepanga pembezoni mwa jiji. Kodi inamla karibu nusu ya anachopata, anabadilisha magari mawili asubuhi na mawili jioni, na akifika nyumbani watoto wameshalala. Wa kwanza alipata nafasi ya kusoma masomo ya jioni, akaweka akiba, na alipochoka na msimamizi mkorofi aliweza kuomba uhamisho bila kuogopa matokeo yake. Wa pili bado anakopa kila mwezi. Wenzake humsema kwamba hajui kupanga fedha. Mimi nimekaa naye tukapitia matumizi yake mstari kwa mstari, na hakuna anasa hata moja. Tofauti yao yote imo kwenye hati ya nyumba.

Na si wao wawili tu. Ripoti ya Dunia ya Ukosefu wa Usawa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi duniani huchukua asilimia 52 ya kipato chote. Ukija kwenye mali, asilimia 10 walio juu wanamiliki asilimia 76. Nusu ya watu wa dunia, walio chini, wana asilimia 2 tu ya mali. Pengo la mali ni kubwa kuliko pengo la kipato karibu kila mahali lilikopimwa, lakini kipimo cha pengo tunachokisikia sana, kile cha Gini kilichobuniwa na Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912, mara nyingi hutolewa kwa kipato. Jiji linaweza kuonekana linapunguza pengo la mishahara huku viwanja na nyumba zake zikizidi kuwa vya watu wachache.

Kwa hiyo kabla ya yote, acha kujipima kwa karatasi ya mshahara. Andika ulicho nacho: akiba, vifaa vya kazi, michango ya pensheni. Toa unachodaiwa. Ukiona umefanya kazi mwaka mzima na jibu ni sifuri, usikimbilie kujilaumu. Tafuta panapovuja.

Kwa wapangaji wengi panavuja kwenye kodi na umbali, na hivi viwili havitengani. Nyumba ya mbali huitwa rahisi kwa sababu watu huhesabu kodi peke yake. Ongeza nauli ya mwezi, halafu ongeza saa. Mtu anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku tano kwa wiki, ametumia saa 20 barabarani. Hiyo ni nusu ya wiki nyingine ya kazi, na hakuna anayemlipa. Katika saa hizo mwenzake anasoma, anafanya kazi ya ziada au analala. Nimewashauri wengi wachukue chumba kidogo kilicho karibu badala ya vyumba viwili vya mbali, na wengi waliofanya hivyo walianza kubakiwa na kitu.

Shida ni kwamba nyumba ya karibu mara nyingi hudai amana na kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo. Asiye na fungu hilo anarudi kulekule mbali, analipa zaidi kwa jumla, kisha anaambiwa hana nidhamu. Ndiyo maana nasema akiba yako ya kwanza iwe ya amana. Runinga na kochi vitasubiri. Kama mko kwenye upatu na watu mnaoaminiana, omba zamu yako iangukie mwezi ambao mkataba wako wa nyumba unaisha.

Wenye watoto wadogo wana sababu nyingine ya kuwahi. Kati ya mwaka 1994 na 1998, katika majiji matano ya Marekani (Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York), baadhi ya familia maskini zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa hati za kusaidiwa kodi ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Miaka mingi baadaye wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walifuatilia kipato cha watoto wale. Waliohama wakiwa na umri wa chini ya miaka 13 walikuja kupata karibu asilimia 31 zaidi kuliko wenzao ambao familia zao hazikupewa hati. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Kama kuna namna yoyote ya kusogea kwenye mtaa tulivu wenye shule nzuri, fanya hivyo watoto wakiwa bado wadogo, hata kwa kubanana.

Panapovuja kwingine ni penye gharama za ukata wenyewe. Asiye na akiba hununua kwa vipimo vidogo na kulipa bei ya juu kwa kila kipimo. Akichelewesha kodi anatozwa faini, na akibanwa anakopa kwa riba inayohesabiwa kwa siku. Lakini niseme zaidi kuhusu mshahara wa mapema, maana huo nauona kwa karibu. Mtu akishachukua robo ya mshahara wa mwezi ujao, mwezi huo anauanza akiwa pungufu, kwa hiyo analazimika kuchukua tena, na mara nyingi zaidi kidogo. Wanaojaribu kuacha ghafla hurudi baada ya mwezi mmoja. Niliowaona wakitoka walipunguza taratibu: robo, kisha sehemu ya tano, kisha sehemu ya kumi, mpaka wakafika mwisho. Inachukua muda na inauma, ila inawezekana.

Fuatilia pia michango yako ya pensheni, na usiamini karatasi ya mshahara peke yake. Makato yanaweza kuandikwa pale bila fedha kupelekwa kwenye mfuko. Nenda kwenye mfuko wenyewe, omba taarifa yako ya michango, linganisha mwezi kwa mwezi. Ukigundua pengo, andika barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kwa watu wengi wasio na nyumba wala kiwanja, hii ndiyo mali kubwa kuliko zote watakazowahi kuwa nayo, na inasikitisha jinsi wengi wanavyokuja kuiulizia karibu na kustaafu.

Kuhusu kuwatumia fedha wazazi, sitakuambia uache. Wenye mali hupokea kutoka kwa wazee wao, wasio nayo huwabeba wazee wao, na hilo peke yake linazidisha pengo hata kama mishahara ni sawa. Kinachosaidia ni kutaja kiasi kinachojulikana cha kila mwezi na kuwaeleza nyumbani kwa heshima kwamba ndicho unachokiweza.

Haya yote mtu anaweza kuyafanya akiwa peke yake, na hayatoshi. Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wenye nidhamu kubwa wakizidiwa na kodi. Vienna, mji mkuu wa Austria, iliamua kulishughulikia suala hili kama jiji: kati ya mwaka 1923 na 1934 manispaa ilijenga nyumba zaidi ya 60,000 za kupangisha, na mpaka leo karibu nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za manispaa au zilizopata ruzuku. Medellín, huko Kolombia, mwaka 2004 ilianzisha magari ya kamba, yanayoning'inia kwenye nyaya juu ya nyumba, yanayounganisha mitaa maskini ya mlimani na treni ya jiji, na watu waliokuwa wakishuka vilima kwa miguu wakasogezwa karibu na kazi. Yalikuwa maamuzi ya bajeti. Mipango ya ardhi na usafiri ikijadiliwa mtaani kwenu, nendeni wapangaji pamoja, mkiwa na hesabu zenu za kodi, nauli na saa zimeandikwa.

Na kama wewe ndiye unayelipa wengine, iwe ni kampuni nzima au msaidizi mmoja wa nyumbani, lipa tarehe mliyokubaliana. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, kwa hiyo nakueleza ninachokiona: kwa mtu asiye na akiba, kuchelewa kwa siku chache tu kunaleta faini ya mwenye nyumba na mkopo mpya, na miezi miwili baadaye bado anaulipa.