Brutus na Ufunguo wa Kikoba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili wilayani Kongwa. Wanafunzi wangu waliigiza sehemu za *Juliasi Kaizari*, mchezo wa Shakespeare, na Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, mtawala wa Roma, alipomwachia Antony, rafiki wa Kaizari, jukwaa, mzazi mmoja alinong'ona, "Huyu si mwenyekiti wetu kabisa?" Kwa nini tanzia, yaani mchezo wa maanguko na huzuni, ya Warumi, iliyoandikwa na Mwingereza yapata mwaka 1599, iwaguse wakulima wa alizeti?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Ndugu Mwalimu, mzazi huyo amekwisha kukujibu nusu ya swali. Wengi hudhani kwamba kasoro ya mhusika wa tanzia ni uovu wake, ilhali Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kueleza kwamba anguko la mtu mwovu kabisa halitutii huruma wala hofu, na kwamba anayetugusa ni mtu wa kati, aliyeporomoka kwa kosa lake mwenyewe. Kiburi cha Kaizari, ambacho darasani huzungumzwa mno, kwangu ni jambo dogo. Kasoro ya Brutus ndiyo inayoumiza, kwa sababu imekaa ndani ya sifa yake njema: ni mkweli, na kwa kuwa ni mkweli, hudhani kila mtu ana mizani kama yake.

Cassius, mwenzake katika njama ya mauaji, anashauri Antony auawe pamoja na Kaizari, Brutus anakataa. Anaonywa asimruhusu Antony kuzungumza mazishini, anakataa tena. Kisha anamaliza hotuba yake, anawasihi raia wabaki wamsikilize Antony kwa heshima yake yeye, naye anaondoka peke yake bila kungoja kusikia kitakachosemwa. Haupiti muda, umati uleule uliomshangilia unatoka mbio kwenda kuichoma nyumba yake.

Hapa Dodoma niliwahi kuwa mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli tatu, ambazo funguo zake zilipaswa kushikwa na watu watatu tofauti. Mwenyekiti wetu, mtu mwadilifu kuliko sote, alimwachia mweka hazina ufunguo wake kwa kuona kwamba kuung'ang'ania ni kumtuhumu mwenzake, na wale wawili wengine wakafuata mfano wake. Siku ya kugawana, fedha zilikuwa pungufu, na wanachama walimwandama mwenyekiti kabla hata ya kumuuliza mweka hazina.

Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo huu kwa Kiswahili mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969. Sidhani kwamba kiongozi mwenye shughuli nyingi kiasi kile angeurudia mchezo huo kwa ajili ya Warumi peke yao.

Mtakapoigiza tena, mwambie anayemwigiza Brutus asiondoke kwa kupitia nyuma ya pazia, bali apite taratibu katikati ya wazazi, akiwa amempa Antony mgongo.