Pikipiki ya umeme inazima mlimani na mita bado inasoma volti 77? Pima hivi

Wadau, hii naiandika kwa ajili ya yule aliyejiundia pikipiki ya umeme mwenyewe na sasa inamsumbua akianza kupanda mlima. Yangu ilinitesa wiki 3 nzima na kidogo ninunue kontrola mpya (kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye mota), wakati kontrola haikuwa na shida yoyote.

Betri yangu nimeifunga mwenyewe kwa seli za 18650 (zile betri ndogo za lithiamu za duara), makundi 20 kwenye mfululizo na kila kundi lina seli 8 sambamba, jumla seli 160, ikijaa kabisa inafika volti 84. Ilianza hivi: barabara ya tambarare inaenda vizuri tu, ukipanda mlima na kuzungusha eksileta mpaka mwisho inazima ghafla, unakaa sekunde chache inarudi, unavuta tena inazima tena. Na mita ya kwenye usukani inasoma volti 77, kwa hiyo unajiona una chaji tele na lawama zote unazipeleka kwenye kontrola au mota. Alafu umbali nao ukawa umepungua, haikufika hata nusu ya ule niliouzoea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupima pikipiki ikiwa imesimama. Betri iliyopumzika itakupa volti nzuri hata kama ndani imeoza, maana hakuna ampia zinazopita, na pasipo ampia ukinzani (ule ugumu wa umeme kupita) hauli volti yoyote. Hata ukiiweka kwenye stendi kubwa tairi likazunguka hewani bado haitoshi, mota isiyo na mzigo inakula ampia chache sana. Inabidi upime inapobeba mzigo wa kweli. Mimi niliunga waya mbili nyembamba pale waya za betri zinapoingia kwenye kontrola, kila moja ina fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na kiungo, nikaifunga multimita juu ya tangi kwa gundi ya utepe, simu nikaishikiza ikawa inarekodi video ya mita yenyewe pamoja na usomaji wa ampia, nikapanda mlima uleule kila mara ili nilinganishe. Video ni muhimu, usijaribu kusoma mita huku unaendesha. Na kama unatumia mita ya kubana waya hakikisha inapima mkondo mnyoofu (DC) kama wa betri, nyingi za bei nafuu zinapima umeme wa nyumbani tu na hapa zitakudanganya.

Tafadhali sana kabla hujagusa chochote vua pete, saa na mkufu. Volti 84 za betri sio za kuchezea, spana ikigusa chanya na hasi inayeyuka mkononi na seli zinaweza kushika moto. Funga gundi ya utepe kwenye mpini wa spana zako zote.

Sasa hesabu, na hapa ndipo nilipofunguka macho. Betri imetoka kwenye chaji, imepumzika, volti 83.6. Mlimani kwa ampia 60 volti kwenye kontrola zikashuka mpaka 74.6, yani zimepotea 9. Je 9 ni nyingi au ndio kawaida? Seli zangu moja moja zina ukinzani wa ndani kama miliomu 30 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu), ukiweka 8 sambamba inakuwa 3.75, mara makundi 20 ni miliomu 75. Zidisha kwa ampia 60 unapata volti 4.5. Ongeza kama volti 1 na kitu kwa waya, mikanda ya nikeli inayounga seli na BMS (ile bodi inayolinda betri na kuikata ikizidiwa), tuseme jumla 6 kwa ukarimu. Kwa hiyo kuna kama volti 3 hazina maelezo. Ukishakuwa na namba ya hivyo unaacha kubahatisha, unajua kabisa kuna kitu cha kutafuta na kina ukubwa gani.

Nikarudia mlima, safari hii nikipima moja kwa moja kwenye ncha za seli za mwanzo na mwisho, nikapata 78.2. Kwa hiyo kati ya seli na kontrola peke yake zinapotea volti 3.6, nje ya seli kabisa! Kuanzia hapo unapima kipande kwa kipande, mguu mmoja wa mita upande huu wa kiungo na mwingine upande wa pili, kiungo kizuri kitakupa kitu kidogo sana cha milivolti. Konekta kubwa ya betri ilikuwa inakula volti 2.1. Zidisha kwa ampia 60 ni wati 126 za joto, kwenye kikonekta kinachotosha kiganjani! Nilipokifungua plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia na pini zimelegea. Lagi (kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya) ya waya hasi kwenye BMS nayo ilikuwa inakula 0.7, ilibanwa vibaya, nyuzi nyingine za waya hazikuwa hata zimeshikwa. Hii ya lagi ni kazi ya mikono yangu na nasema wazi, usibane lagi ya waya mnene kwa koleo la kawaida, tafuta koleo lake la kubania.

Nikabadilisha konekta na lagi nikidhani nimemaliza. Nguvu iliongezeka kweli ila mlimani ikaendelea kuzima betri ikifika katikati, na umbali haukurudi. Kama BMS yako ina bluetuthi fungua programu yake uangalie kundi moja moja, kama haina pima kwenye zile waya nyembamba za balansi, zinazotoka kila kundi kwenda BMS. Angalizo ni kwamba betri ikitoka kwenye chaji makundi yangu yote yalikuwa 4.18, yamelingana kama ndugu, hakuna hata moja la kutilia shaka. Nikaendesha mpaka katikati ndio nikaona, makundi 19 yako 3.87 na kundi la 7 liko 3.4. Ukivuta ampia 60 hilo moja linaanguka chini ya 2.8, ambayo ndiyo niliyoseti BMS ikate, basi BMS inakata pikipiki nzima kulinda kundi moja, na wewe kwenye usukani unaona jumla tu.

Kufungua, kumbe mikanda ya nikeli kwenye kundi hilo imebanduka kwenye seli 5 kati ya 8. Mtikisiko wa barabara na spoti (vile vidoto vya kuchomelea nikeli kwenye seli) dhaifu. Seli 3 zilikuwa zinabeba mzigo wa 8, ampia 20 kila moja, ndio maana na umbali ukaanguka kiasi kile, maana betri ya mfululizo inaishia pale kundi dogo linapoishia. Balansi ya BMS haiwezi kutibu hili hata uiache kwenye chaji wiki nzima, inasawazisha volti, uwezo wa kundi hairudishi.

Zile 3 zilishachoka, kwa hiyo nilibadilisha kundi lote kwa seli 8 za aina ileile, nikazisawazisha volti zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuziunga sambamba, kisha nikalichaji kundi mpaka lilingane na mengine. Kila spoti niliijaribu kwa kuvuta mkanda na koleo, ukibanduka bila kuacha tundu kwenye nikeli hiyo spoti haifai. Na betri nzima sasa imekaa kwenye sponji ngumu, haichezi ndani ya boksi.

Kama yako imeanza leo na bado unaihitaji kurudi nyumbani, punguza ampia za betri kwenye kontrola. Ukitoka 60 kwenda 30 volti zinazopotea zinakuwa nusu na joto kwenye kiungo kibovu linabaki robo. Utapanda taratibu ila utafika. Na ulinganishe vipimo ulivyochukua kwenye hali ya hewa inayofanana, asubuhi ya baridi seli zinapandisha ukinzani na volti zitashuka zaidi bila ubovu wowote.

Baada ya yote hayo mlima uleule, ampia 60 zilezile, kutoka 83.6 inashuka mpaka 77.8. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi la betri, na kila mwezi napanda tena kulinganisha.